Risasi moja moja au mfululizo: kipi kinamfaa askari wa miguu?

Bunduki nyingi za kivita za leo humwachia askari achague: kila akivuta kifyatulio itoke risasi moja, au akishikilie na risasi zitoke mfululizo hadi atakapokiachia. Kwa macho ya raia, namna ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi. Miongoni mwa wanaozibeba kazini suala hili lina ubishi wa miaka mingi, na Marekani imebadili msimamo wake zaidi ya mara moja.

Hesabu ya risasi ndiyo hoja ya kwanza. AK-47, ambayo taarifa za polisi wa Tanzania huiandika SMG, hufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo magazini ya risasi 30 huisha kwa sekunde 3. Isitoshe, kila risasi inapotoka huisukuma bunduki nyuma na kuunyanyua mdomo wa mtutu, kiasi kwamba kwa shabaha iliyo mita 200, hata kama risasi ya kwanza imelenga, ya tatu huenda ikapita juu kabisa. Bunduki zenye risasi nzito zaidi ndizo ngumu kuzidhibiti. Ndiyo maana Waingereza, walipoichukua bunduki ya FAL ya Ubelgiji na kuiita SLR, waliondoa kabisa uwezo wa mfululizo, na Wamarekani waligawa M14 nyingi zikiwa zimefungwa zisifyatue mfululizo. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, askari wa SLR walipambana na Waargentina wenye FAL za mfululizo, wakawaondoa katika milima waliyokuwa wamejichimbia. Sidai kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyoamua vita, kwani mafunzo na mizinga vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Nadai tu kwamba Waingereza hawakukwamishwa na upungufu huo.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ina nguvu yake. Ndani ya chumba, kwenye handaki, au msituni pale doria inapovamiwa kutoka hatua chache, hakuna nafasi ya kulenga kwa utulivu, na sekunde mbili za kumlazimisha adui ainamishe kichwa zinaweza kuwaokoa wenzako walioanguka njiani. Wasovieti walilipa jambo hilo uzito: wenzo wa AK wa kuchagulia namna ya kufyatua ukitolewa kwenye usalama hukutana kwanza na mfululizo, kisha chini kabisa risasi moja moja, wakati kwenye M16 ya kwanza ya Wamarekani risasi moja moja ndiyo hutangulia.

Marekani ilijaribu kupita katikati. Baada ya Vietnam, ambako risasi nyingi mno zilipotea vichakani, toleo la M16A2 la miaka ya 1980 liliwekewa mpigo wa risasi tatu kwa kila mvuto wa kifyatulio badala ya mfululizo. Kwa maoni yangu hili ndilo lililokuwa suluhisho baya kuliko yote. Kifaa kinachohesabu hizo risasi tatu hakirudi mwanzo askari anapoachia kifyatulio mapema, kwa hiyo mvuto unaofuata unaweza kutoa risasi moja au mbili tu. Tena uzito wa kifyatulio hubadilikabadilika hata anapofyatua moja moja, yaani kilichokusudiwa kuokoa risasi kiliharibu shabaha. Katika miaka ya 2010 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza kugeuza M4 zake, bunduki fupi za jamii ya M16 zenye mpigo huo wa risasi tatu, kuwa M4A1, zenye mfululizo kamili.

Lakini kurudisha mfululizo hakuigeuzi bunduki ya mkononi kuwa bombomu. Bombomu ina mtutu mzito unaobadilishwa ukipata moto, ina mkanda wa risasi, miguu ya kuegemea, na mara nyingi mtu wa pili wa kuilisha. Mtutu wa M4 ni mwembamba. Wanat, Afghanistan, Julai 2008, kambi ndogo ya Wamarekani ilishambuliwa alfajiri, wakafyatua kwa kasi kubwa kwa muda mrefu, na baadhi ya silaha zikapata joto kupita kiasi na kukwama katikati ya mapambano.

Kwa hiyo ningeacha mfululizo ubaki kwenye bunduki ya askari kwa ajili ya zile sekunde chache za karibu, lakini muda wa mafunzo na risasi za kwenye uwanja wa shabaha, ambazo kwa majeshi yenye bajeti ndogo hazitoshi kamwe, ningezielekeza karibu zote kwenye risasi moja moja, na kazi ya kumlaza adui chini kwa dakika nzima nzima ningemwachia mwenye bombomu.