Mtoto mwenye kolesteroli ya kurithi: tui lina makosa kiasi gani?

Baba apatwe na mshtuko wa moyo kabla ya miaka 40, watoto wapimwe, mmoja akutwe na kolesteroli mbaya ya milimoli 6 kwa lita: nyumba nyingi za Mombasa, siku hiyohiyo mbuzi ya kukunia nazi itasukumwa uvunguni.

Mtoto mwenyewe pengine ni mwembamba, jioni zote yuko uwanjani na mpira. Ugonjwa huu haukuanzia kwenye sahani. Ini lina vipokezi vya kuitoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Aliyerithi jeni yenye hitilafu kwa mzazi mmoja hubaki na kama nusu tu vinavyofanya kazi. Mtu 1 hivi kati ya 250 yuko hivyo, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Ndiyo maana wapo wanaosema chakula ni kujisumbua bure, apewe dawa basi. Wana hoja. Chakula kikifuatwa vizuri hushusha kolesteroli hiyo kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Ile 6 itafika 5 na kitu, ilhali aliyevuka miaka 10 hutakiwa awe chini ya 3.5. Uholanzi walifuatilia watoto 214 walioanzishiwa mapema statini, dawa za kushusha kolesteroli. Matokeo ya miaka 20, yaliyotolewa 2019, yalionyesha kwamba walipofika umri wa miaka 39, asilimia 1 tu walikuwa wamepata ugonjwa wa moyo au mishipa. Kwa wazazi wao wenye maradhi hayohayo, katika umri huo, ilikuwa asilimia 26.

Lakini mama anayeogopa kumpa mwanawe kidonge cha kila siku tangu miaka 8 au 10 simlaumu hata kidogo. Na tui nalo lisisafishwe mno. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, kama yale ya samli. Wazee husema wamekula nazi maisha yao yote, na ni kweli. Ila wengi wao wana vipokezi kamili.

Nionavyo mimi, kinachobadilishwa kiwe chungu cha nyumba nzima. Kumtengea mtoto kisahani chake pembeni, wenzake wamezunguka sinia, ni kumwadhibu kwa damu aliyozaliwa nayo. Wali wa nazi ubaki wa Ijumaa. Siku nyingine wali mweupe kwa pojo au kunde, samaki wa kuchoma kwa ndimu, mbaazi za tui jepesi bila kasimele. Mahamri na viazi karai vipungue kwa wote. Ila mdogo wao asiyetimiza miaka 2 asipunguziwe mafuta, maana anayahitaji kukua. Na daktari akisema wakati wa dawa umefika, chungu hicho kisiwe sababu ya kuikataa.

Kuna jambo huku kwetu tunaloliogopa kulitaja: ndoa za binamu. Jeni hii ikiwa kwa baba na kwa mama, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuipata pande zote mbili. Huyo kolesteroli yake huweza kupita 13, akatoka vinundu vya manjano viwikoni na magotini, na moyo ukaugua kabla ya miaka 20. Ukiviona vinundu hivyo, usingoje kujaribu mapishi; mpeleke kwa daktari wa moyo wa watoto wiki hiyohiyo, na ndugu zake wapimwe.