Mpira Uko Mlangoni, Bwawa Liko Mbali

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu ananigombeza kuhusu mtoto ambaye si wake. Mwanangu wa kwanza ana miaka 11, ana mguu wa kushoto unaosifiwa mpaka na wauza mihogo, na mwaka jana nilimtoa kwenye akademi ya mpira baada ya miezi minane. Jirani hajanisamehe. "Baba Amani, unamfungia mtoto riziki," ananiambia, kisha anamtaja Samatta.

Tunakaa Mbagala, Dar es Salaam, kwa hiyo hoja ya Samatta haikwepeki. Mbwana Samatta alianzia kwenye viwanja vya huku huku, akapitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Baadaye akaifunga Liverpool pale Anfield akiwa na Genk, kisha akacheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mtoto wa Mbagala anayesikia hayo hahitaji kushawishiwa na mtu. Na AFCON ya 2027 inakuja kwetu, kwa Wakenya na kwa Waganda kwa pamoja. Wanaosema mpira ni ndoto tu wamesahau kwamba ndoto hiyo ina anuani, na anuani yenyewe ni mtaani kwetu.

Hata ukiiweka ndoto pembeni, mpira una haki yake. Hauna ada. Chandimu ya mifuko na kamba inatosha, mawe mawili ni goli, na asiye na viatu anacheza na mwenye viatu. Mtoto anajifunza kugombana na kupatana ndani ya dakika tano, kwa sababu mchezo ukivunjika hakuna mwingine jioni hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 ajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, aheme, atokwe jasho. Wangu alikuwa akizimaliza kabla sijarudi kazini.

Kwa hiyo sibishani na mpira. Ninachobishia ni hatua inayofuata, pale mzazi anapoamua kwamba mtoto wa miaka 9 sasa ni "mchezaji", na mingine yote iachwe.

Tupige hesabu ambayo jirani haipendi. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kila timu ikisajili wachezaji kama 30, nafasi zote hazifiki 500, na ndani yake kuna wageni: klabu inaruhusiwa kusajili hadi 12. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu zaidi ya milioni 61. Jirani anajibu kwamba hata udaktari nafasi ni chache na bado tunawasomesha. Ni jibu zuri kuliko nilivyotaka liwe. Tofauti ninayoiona ni kwamba aliyekosa udaktari anabaki na kemia yake na kidato cha sita, wakati aliyeacha shule akiwa darasa la saba kwa ajili ya majaribio anabaki na goti.

Wangu hakufika kwenye goti, kwake kilikuwa kisigino. Akademi ilikuwa na mazoezi siku nne kwa wiki na mechi Jumamosi, kwenye uwanja mgumu kama sakafu. Mwezi wa sita akaanza kuchechemea. Kocha akasema ni uvivu, mimi nikaamini kwa wiki mbili, na hilo bado linaniuma. Daktari alieleza kwa maneno mepesi: mfupa wa kisigino cha mtoto bado unakua, mshipa mkubwa wa nyuma ya mguu unauvuta kila anapokimbia, na usipopumzishwa unavimba na kuuma. Si ugonjwa wa kutisha, dawa yake ni kupumzika na kubadilisha michezo. Niliporudi kumweleza kocha, alisema mtoto akikaa nje mwezi mzima nafasi yake itachukuliwa. Tukaaga.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wamekuwa wakishauri kwamba mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja mpaka afikie miaka 15 au 16. Mwili unaorudia jambo lile lile kila siku huumia pale pale, na mtoto aliyelazimishwa mapema huchoka mapema. Norwei imekwenda mbali zaidi: mtoto chini ya miaka 13 hashindanii ubingwa wa taifa, na nchi hiyo yenye watu wasiofika milioni sita ilibeba dhahabu 16 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022, nyingi kuliko nchi yoyote. Nilimsomea jirani habari hiyo. Akasema Norwei wana theluji na mafuta. Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli mtoto wao asipofanikiwa michezoni hafi njaa, na wetu mlango ukifungwa umefungwa.

Mfano wa nyumbani una nguvu zaidi. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akaenda Memphis Grizzlies. Wapo wanaosema mfano huu haufai kwa kuwa Thabeet ana urefu wa zaidi ya mita mbili, na urefu haufundishwi. Wengine wanaongeza kwamba hakudumu kule kama ilivyotarajiwa, labda kwa sababu alianza kuchelewa. Yote mawili nayakubali nusu. Mpira wa miguu unadai mguu uzoee mpira mapema. Mtu hajifunzi danadana akiwa na miaka 16 akawa fundi. Lakini huo mguu uzoee wapi? Chandimu inampa mtoto saa nyingi za kugusa mpira kuliko mazoezi ya kupanga mstari mbele ya koni nne, zamu yako ikifika mara moja kila baada ya dakika mbili.

Hapa inanibidi nikiri jambo. Viwanja vya chandimu vinakwisha. Pale nilipochezea mimi sasa kuna ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Mahali pengine pamekuwa maegesho. Mzazi anayelipa akademi mara nyingi halipii ufundi wa kocha, anakodi sehemu yenye nafasi na mtu mzima wa kuangalia. Hilo silicheki hata kidogo. Kama akademi yako ina mazoezi mawili kwa wiki, kocha anayejua jina la kila mtoto, na haiulizi kwa nini mtoto hakuja siku ya mtihani, mpeleke. Uliza pia nani analala nao wanaposafiri kwenda mashindano ya mkoani. Wazazi tunaulizia jezi kuliko tunavyoulizia hilo.

Na uliza umri. Kwenye michuano ya watoto huku kwetu, "chini ya miaka 12" huwa na vijana wenye sauti nzito. FIFA yenyewe ililazimika kuanza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 ili kuwakamata waliopunguza miaka. Anayeumia ni yule wa miaka 10 kweli, anayewekwa benchi kwa sababu ni mdogo, akaamini hana kipaji.

Kuna na suala la kichwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliotoka 2019 uligundua kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu wa kufa kwa maradhi ya kudhoofika kwa ubongo kuliko watu wa kawaida. Miezi michache baadaye Scotland, Uingereza na Ireland ya Kaskazini zikawazuia watoto wa shule za msingi kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Utafiti ulihusu watu wazima waliocheza miaka mingi, wala hauthibitishi kwamba mtoto wako atapata shida. Lakini sijawahi kumsikia kocha wa mtaani kwetu akiutaja, na kumwambia mtoto "achia chini, usipige kichwa" hakugharimu kitu.

Sasa nifike ninakotaka. Mchezo wa kwanza ambao ningemlazimisha mtoto, nikitumia neno hilo hilo, si mpira. Ni kuogelea.

Sisi ni watu wa pwani na maziwa tusiojua kuogelea. Tuna Bahari ya Hindi, Victoria, Tanganyika na Nyasa, mito inayofurika kila masika, na visima na mashimo ya mchanga yanayojaa maji nyuma ya nyumba. Tuliomboleza MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, na MV Nyerere 2018, ambayo ilizama ikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wasiofikisha miaka mitano, na kwa wenye miaka 5 hadi 14 kufa maji ni sababu ya tatu ya vifo. Hakuna mchezo mwingine ambao kutoujua kunaua.

Upande wa pili una hoja zake, na si za kupuuza. Kwanza, abiria aliyenaswa ndani ya kivuko kilichopinduka haokolewi na mtindo wa kipepeo. Pale kinachookoa ni kutopakia kupita kiasi. Pili, bwawa si bahari. Mtoto aliyejua kuogelea kwenye maji ya bluu yaliyotulia anaweza kudanganyika mbele ya mkondo wa Kigamboni, na woga wa bibi zetu, "maji hayana rafiki", umewaweka hai watoto wengi. Tatu, bwawa lenyewe liko wapi? Liko hotelini, au kwenye shule ambayo ada yake ya muhula ni mshahara wangu wa miezi. Mpira uko mlangoni, bwawa liko daladala mbili na kiingilio.

La tatu ndilo linalonishinda hoja, maana ni kweli. Lakini angalia lilivyo tofauti na gharama ya akademi. Akademi unalipa miaka kumi na huna uhakika. Kuogelea kwa kujiokoa, yaani kuelea chali, kukanyaga maji, kurudi ukingoni ukiwa na nguo, ni jambo la miezi michache, na likishaingia mwilini halitoki. Mimi na wazazi wenzangu wanne tulichanga tukamlipa mwalimu mmoja awafundishe watoto saba kwa pamoja, asubuhi ambayo hoteli haina wageni. Siku ya kwanza mwalimu hakuwagusisha maji kabisa. Aliwafundisha kwamba mwenzako akizama hurukii, unamtupia dumu tupu au unamnyooshea mti. Somo hilo peke yake lingenitosha.

Binti yangu wa miaka 9 ndiye aliyenifumbua macho kwa mengine. Mtaani huyu ni bingwa wa rede. Mpira ule wa soksi haumpati. Kwa hiyo shuleni walimwingiza netiboli, akaipenda. Mama zake wakubwa wanasema asichoke sana, na wananiuliza mkeo yuko wapi mpaka mtoto wa kike awe bwawani Jumamosi. (Mama yake yuko ukingoni, anajifunza pia, na ameshika bomba la chuma kwa mikono miwili.) Suala la vazi lilimalizwa na suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Hofu yangu kwake si jua wala misuli. Ni ile miaka ya 12 na 13, hedhi inapoanza, choo cha shule hakina maji, na wasichana wanaacha michezo mmoja mmoja bila mtu kutangaza. Kwa mvulana swali ni mchezo gani. Kwa msichana ni nani atahakikisha bado anacheza akiwa na miaka 15.

Riadha sina wasiwasi nayo, ingawa wengi hawaitaji mpaka medali ije. Nishani zetu mbili pekee za Olimpiki, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui huko Moscow 1980, zilitokana na mbio, na Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida akawa bingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mbio zinasubiri. Mtoto acheze chandimu, rede na kombolela, mapafu yanajijenga yenyewe.

Amani kisigino kimepona. Anacheza mpira mtaani siku anazotaka, anaogelea Jumamosi, na ameahidiwa kwamba akifika miaka 13 na bado anataka akademi, nitalipa. Jirani anasema miaka 13 ni uzee. Sasa mdogo wake wa mwisho, miaka 6, ameona pambano la ngumi kwenye banda la video na anataka glovu. Zanzibar waliwahi kupiga marufuku ngumi kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi, na mimi nilikuwa nikiwacheka. Nimemwambia nitafikiri.