Sykes wa Yorkshire ni ukoo mmoja kweli?

Ukitaja jina Sykes pale Dar es Salaam, mtu mzima anamkumbuka mzee Kleist na wanawe Abdulwahid na Ally, anakumbuka mambo ya African Association na TANU, kijana yeye anamkumbuka Dully Sykes na bongofleva, na hakosekani mtu wa kusema kwa uhakika kabisa kwamba hawa lazima wana babu Mwingereza, si jina ni la Kiingereza. Hawana. Nitarudi kwao mbele kidogo. Lakini hilo swali ndilo lililonifanya nianze kulifuatilia jina lenyewe, nikakuta kumbe huko Uingereza pia jina hilohilo lina ubishi wake mkubwa, ubishi wa vinasaba, kuhusu kama akina Sykes wote wametoka kwa babu mmoja au la.

Tuanze na maana. Kaskazini mwa Uingereza neno "sike" ni kijito kidogo, yaani maji membamba yanayopita kwenye majani na matope, unayavuka kwa hatua moja, na mara nyingi ndiyo yalikuwa mpaka wa shamba la huyu na shamba la yule. Mtu aliyekaa jirani na kijito hicho akaitwa wa kijitoni. Zamani waliandika "del Sike", wa pale kwenye sike, baadaye lile "del" likadondoka, jina likashika kwa watoto na wajukuu. Hiyo ni miaka ya 1200 na 1300 huko, maana Waingereza walianza kushika majina ya ukoo taratibu baada ya Wanormani kuingia 1066, na kaskazini walichelewa zaidi. Hadi leo jina limejazana West Yorkshire, maeneo ya Huddersfield na vijiji vyake kama Slaithwaite.

Sasa fikiria mwenyewe, Yorkshire ni nchi ya vilima na mvua, vijito kama hivyo viko kila mahali. Kwa hiyo wataalamu wa majina walisema siku zote kwamba Sykes haliwezi kuwa jina la mtu mmoja, lazima walikuwepo watu wengi, kila mmoja na kijito chake, hawajuani wala hawana udugu. Maelezo yanaingia akilini kabisa.

Halafu akaja Bryan Sykes, aliyekuwa profesa wa jenetiki pale Oxford, naye mwenyewe Sykes. Aliwaandikia barua wanaume wenye jina lake 269 wa Yorkshire na maeneo jirani ya Lancashire na Cheshire, ndani ya bahasha kaweka kabrashi kadogo, unajisugua nacho ndani ya shavu, unakirudisha kwa posta. Waliorudisha walikuwa 61, waliopimwa 48. Alichopima ni kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu, na Uingereza jina la ukoo nalo linapita njia hiyohiyo, baba kwa mtoto, kwa hiyo vitu hivi viwili vinatakiwa viende sambamba kama reli. Matokeo aliyachapisha mwaka 2000 akishirikiana na Catherine Irven: karibu nusu ya wale wanaume, asilimia 43.8, walikuwa na Y ya aina moja, na aina hiyo haikuonekana kwa majirani zao wa Yorkshire wasio Sykes wala kwa Waingereza wengine aliowalinganisha nao. Akahitimisha kwamba mwanzilishi ni mmoja, kinyume na walivyosema watu wa nyaraka.

Kwa kweli hoja hii ina nguvu na sipendi wanaoidharau. Kama vijito vilikuwa vingi na waanzilishi wengi wa sawasawa, nusu nzima ya watu wasingekuja na Y moja ambayo majirani hawana. Linganisha na Smith, jina linaloongoza kwa wingi England, maana yake mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 utafiti wa majina 40 na wanaume 1,678, na akina Smith wakaonekana hawana mfanano wowote zaidi ya watu uliowaokota tu barabarani, wakati jina adimu kama Attenborough karibu 9 kati ya 10 walikuwa na Y ya ukoo mmoja. Kwa hiyo kipimo kinaweza kabisa kutofautisha jina la babu mmoja na jina la mababu wengi, na Sykes wameangukia karibu zaidi na upande wa babu mmoja.

Ila hapo katikati kuna shimo, na ndilo linaloniumiza kichwa. Babu anayeonekana leo sio lazima awe ndiye babu pekee aliyekuwepo. Tuseme mwaka 1300 walikuwepo wanaume wanne walioitwa Sykes, vijito vinne tofauti. Mmoja kapata mabinti watupu, jina lake limekufa hapohapo. Mwingine kaondoka na wanawe kwenye ile tauni ya 1348 na 1349. Wa tatu kaendelea vizazi viwili vitatu, mjukuu hakuoa, kwisha. Wa nne kapata wana watano na wote wakaoa. Miaka 700 baadaye ukipima unakuta Y moja imetawala, unasema "mwanzilishi mmoja", kumbe ulichokiona ni yule aliyebaki. Hili sio wazo jipya, Francis Galton na Henry Watson walilipigia hesabu tangu karne ya 19, jinsi majina ya ukoo yanavyokufa yenyewe kwa bahati tu, na King na Jobling nao wanalizingatia sana. Ongeza na kwamba mwaka 2000 zilipimwa alama nne tu za Y, yaani sehemu za kromosomu zinazolinganishwa kati ya mtu na mtu, leo kipimo cha kawaida cha kununua kinasoma 37 au 111, na ongeza pia kwamba zaidi ya watu 200 hawakurudisha bahasha kabisa.

Na ile nusu nyingine? Hapa ndipo naona profesa alikwenda mbali. Waliobaki, wenye Y tofauti tofauti, aliwaeleza hivi: inawezekana wote walitoka kwa babu yuleyule ila katikati ya hiyo miaka 700 mahali fulani baba wa jina hakuwa baba wa damu, akakadiria wastani wa asilimia 1.3 kwa kila kizazi. Namba ni ndogo na wengi waliifurahia, kwamba wake wa akina Sykes walikuwa waaminifu sana. Lakini hebu angalia kinachosemwa hapo. Ukishaamua kwamba mwanzilishi ni mmoja, basi kila Sykes asiyefanana anageuka kuwa ushahidi dhidi ya bibi yake fulani wa mwaka 1500 na kitu, mama ambaye hawezi kusimama ajitetee. Wakati njia za jina kuhama bila mtu kuchepuka ni nyingi tu: mjane kaolewa tena na watoto wake wakachukua jina la baba wa kambo, yatima kalelewa na mjomba, binti kazaa kabla ya ndoa na mtoto akabaki na jina la upande wa mama, mwanaume kachukua jina la wakwe ili arithi shamba. Au, kwa urahisi zaidi, babu yake alikaa kwenye kijito kingine! Sisi tuna msemo wa zamani, kitanda hakizai haramu, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa nyumba hiyo, na Waingereza wa enzi hizo waliishi kwa kanuni kama hiyohiyo, aliyelelewa kama Sykes ni Sykes.

Sasa turudi Dar. Sykes Mbuwane alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, alikuja na jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1889. Mwanawe Kleist alizaliwa 1894, baba akafariki mtoto akiwa bado mdogo, akalelewa na Affande Plantan, mwanajeshi mwenzake baba, ndiyo maana mzee huyo alijulikana pia kama Kleist Plantan. Ona vizuri hapo: Sykes lilikuwa jina la baba mwenyewe, na Kleist Sykes ni kama tunavyosema Ali Juma, Ali wa Juma, halafu kwa wajukuu likaganda likawa jina la ukoo. Jina la kijito cha Yorkshire, kwa Mzulu, mtoto mwenye jina la Kijerumani, Mwislamu wa Dar, na bila tone la damu ya Huddersfield. Na kwa muda mtoto yuleyule alibeba jina la mlezi wake, jambo lilelile ambalo kule Yorkshire lingeandikwa kwenye asilimia 1.3.

Na kinyume chake nacho kipo hukohuko Yorkshire. Mwaka 2007 timu hiyohiyo ya Leicester ilichapisha habari ya jina moja adimu la mashariki mwa Yorkshire: kati ya wanaume 18 wenye jina hilo, 7 walikuwa na haplogrupu A1, yaani tawi la ukoo wa Y, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi. Ni Wazungu kwa kuwatazama, hawakuwa na habari yoyote ya babu Mwafrika, na nyaraka za familia zao zinarudi hadi miaka ya 1780 zikiwa Yorkshire tu. Dar jina limekuja bila damu, Yorkshire damu imekaa chini ya jina bila mtu kujua.

Tukumbuke pia ukubwa wa kinachopimwa. Ukirudi vizazi 10 nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na Y inakuonyesha mmoja tu.

Kwa hiyo mimi nasimama hivi: nusu ya wale waliopimwa ni ndugu, hilo nakubali bila shaka. Kwamba waanzilishi wengine hawakuwepo, sikubali, na kwamba nusu iliyobaki ni watoto wa nje, sikubali kabisa mpaka kazi moja ifanyike. Wachukuliwe hao wasiofanana, wapimwe kwa alama nyingi, walinganishwe wao kwa wao, halafu zifunguliwe rejesta za parokia ambazo England zilianza 1538. Kama wamesambaa kila mtu kivyake, profesa ana haki yake. Kama watano wanafanana na wote wanarudi kwenye kijiji kimoja, basi hicho ni kijito cha pili.