Mashine ya kupimia gari na mwanafunzi wa gereji

Kwenye gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi kijana hujifunza kwa kukaa karibu na fundi. Anasikiliza injini inavyokohoa, anaonyeshwa plagi iliyoungua, anaulizwa tatizo liko wapi. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari imevuruga darasa hilo. Marekani ililazimisha OBD-II, soketi ya pini 16 ya kuchomekea mashine hiyo, kwa magari ya 1996 na kuendelea, na leo mwenye mashine huitwa, huchomeka, hutaja kodi ya hitilafu, yaani namba ya tatizo iliyohifadhiwa na kompyuta, na kuondoka. Mwanafunzi amebaki kufungua nati.

Wanaosema mashine inaua ufundi wana hoja. Tazama kodi P0171, yaani mchanganyiko una mafuta haba. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, inayopima moshi, na taa inawaka tena baada ya siku mbili, maana sensa ilikuwa ikisema kweli: hewa inaingia kupitia mpira uliopasuka. Kodi hutaja dalili, haitaji spea.

Hata hivyo mashine hiyohiyo huonyesha kile ambacho sikio la fundi mkongwe halikuweza kumgawia mwanafunzi. Fungueni pamoja ukurasa wa marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakizidi asilimia 10 injini ikiwaka na gari likiwa limesimama, kisha yakashuka mkikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuteni hewa inayovuja. Yakipanda kadiri mnavyokanyaga, kagueni pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa iliyochafuka.

P0301 ni somo bora zaidi, kwani hakuna cha kununua. Silinda ya kwanza haichomi. Hamishia koili yake, inayoipa plagi umeme, silinda ya pili na ya pili uilete ya kwanza, futa kodi, endesha. Ikija P0302, yaani tatizo limehamia silinda ya pili, koili imekufa. Ikirudi P0301, fanya vivyo hivyo kwa plagi, halafu injekta inayopuliza mafuta; mwisho pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Ila andika kabla ya kufuta! Kufuta kodi hufuta pia kumbukumbu ya mwendo, mizunguko na joto la injini wakati hitilafu ilipotokea. Bila hizo, hata mafundi mnaowatumia picha ya kodi WhatsApp watabahatisha, na jibu litakuwa lilelile: badilisha sensa.

Kwangu tatizo kubwa liko kwenye malipo. Mwenye mashine hulipwa kwa kutaja kodi, hivyo hana sababu ya kufundisha. Mwenye gereji amlipe chanzo kikishathibitishwa, na mwanafunzi ndiye awe ameshika kifaa.