Mishumaa Kaa Nayo, Tuonyeshe Koki

Dalali aliyemuuzia shemeji yangu nyumba kule Brooklyn Park, Minnesota, kamtumia ujumbe wa kumtakia heri ya msimu wa machipuko. Umejaa maua, na una orodha ya mambo ya kufanya theluji ikishaisha: safisha madirisha, paka rangi mlango wa mbele, nunua kizulia kipya cha mlangoni. Shemeji alinisogezea simu niusome, hakusema neno. Nyuma yake mafundi walikuwa wanabomoa jipsamu ya besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na mashine za kukaushia zinanguruma.

Bomba la nje halikutajwa popote.

Wenyeji wa Minnesota kisa cha bomba la nje kupasuka kwa baridi wanakijua tangu utotoni. Watu wetu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza ndio hawaambiwi. Shemeji aliacha mpira wa kumwagilia kwenye bomba tangu Oktoba, kwa sababu alikotoka mpira unakaa kwenye bomba mpaka uchakae. Aprili hii akatoka kuosha gari. Maji yalitoka, nguvu imepungua kidogo tu. Akaosha, akafunga, akaingia ndani. Jioni akanipigia: "Shem, huku chini nikikanyaga zulia linatoa maji."

Mabomba haya yanauzwa kwa sifa ya kutoganda. Ukizungusha kishikio nje, kinachofunga maji kiko mwisho wa kibomba kirefu, ndani kabisa kwenye joto, na maji yaliyobaki kwenye hicho kibomba yanatakiwa yamwagike nje. Mpira ukiwepo, hayatoki. Yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Soda uliyoisahau kwenye friza unajua ilikufanyia nini. Kibomba kinapasuka ndani ya ukuta katikati ya baridi, na hakuna anayejua, maana palipopasuka hapapiti maji mpaka ufungue bomba. Majira yote ya baridi ukuta mkavu, unajisifu una nyumba nzuri. Siku unafungua, maji mengine yanakwenda kwenye gari, mengine kwenye jipsamu.

Kulikagua kunataka watu wawili na tochi. Toa mpira. Mmoja ashuke besimenti, amulike pale juu bomba linapopenya ukuta. Kama pamezibwa, aweke sikio. Mwenzake afungue bomba taratibu, kisha azibe mdomo wake kwa kidole gumba. Bomba lisilopasuka litakusukuma kidole na kukurushia maji usoni. Kidole kikiyazuia kirahisi, funga haraka, maji yameshapata njia nyingine. Na sisi tuliokulia Dar nani wa kutufundisha kusikiliza bomba? Mama alikuwa anasikia upepo unaanza kupiga kwenye bomba saa nane usiku, nyumba nzima tunaamshwa na ndoo. Leo maji yanachuruzika nyuma ya televisheni, tunaongeza sauti ya mechi.

Mita ya maji nayo iangalie: funga mabomba yote, uone kama kile kipembetatu kidogo bado kinazunguka. Wenye mabomba ya kunyunyizia majani yaliyofukiwa chini, fungueni polepole. EPA, shirika la mazingira la Marekani, inasema tundu kwenye mabomba hayo lenye upana sawa na unene wa dime, sarafu ya senti kumi, linaweza kupoteza galoni 6,300 kwa mwezi. Wapangaji, mwandikieni mwenye nyumba, kwa maandishi, kabla hamjafungua chochote.

Najua kuna watakaosema ripoti ya ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua iliandika. Ndiyo, iliandika. Tuliitafuta tukaikuta: sentensi moja, huko mwishoni, chini ya picha ya paa. Haya, dalali ameshinda. Lakini muda wa kusifia kaunta ya graniti aliupata. Siku ya kukabidhi funguo alikuja na kapu la mishumaa yenye harufu ya maboga! Alishindwa nini kushuka ngazi, akamshika shemeji mkono, akamwambia, "Hii ndiyo koki ya ndani ya kufungia maji ya bomba la nje, ifunge Oktoba, toa mpira, kisha fungua bomba maji yaishe"? Hata dakika haiishi. Mtu ambaye hajawahi kuishi na baridi ya kupasua chuma, hayo ndiyo maelezo ya nyumba anayohitaji. Graniti anaiona kwa macho yake.

Mtu wa bima, kabla hata ya pole, aliuliza kama mpira ulikuwa umeachwa kwenye bomba.

Na ukishakagua, usirudishe mpira ukaulaza hapo. Katikati ya Aprili 2018 Minneapolis ilipigwa theluji ya zaidi ya inchi 15. Wangu unalala gereji mpaka Mei. Jumamosi nitakuwa Brooklyn Park na tochi. Mwenye nyumba mpya aniandikie nipite, atafute tu mtu wa kusimama besimenti. Chai tutakunywa baadaye.