Mtoto alilia, mama hakugeuka

Sindano ya wiki ya sita inauma. Mtoto akichomwa paja hulipuka kwa kilio, na mama, hata awe amechoka vipi, mikono humtangulia: anamkumbatia, anampa ziwa, anampuliza paja. Katika miaka yangu ya kliniki ya mama na mtoto nimeyaona hayo kila siku. Ila mmoja alibaki ameketi, mikono mapajani, anatazama ukuta. Mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto. Mimi nikajaza kadi, nikasema, "Mtoto hajaongezeka vizuri, mama. Unamnyonyesha kweli wewe?" Akajibu, "Najitahidi, sista." Nikaita mwingine.

Swali lile bado linanichoma. Dalili zilikuwa mbele ya macho yangu, nikazigeuza karipio.

Wauguzi wenzangu, sonona baada ya kujifungua, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, haiji kliniki ikijitaja jina. Inakuja na kichwa kinachouma kila siku, moyo kwenda mbio, maziwa "yamekata". Nyumbani imeshaitwa kudeka, uvivu, wengine wanasema mapepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Hebu hesabu waliokaa kwenye benchi lako asubuhi.

Kulia bila sababu siku ya tatu au ya tano ni kwa wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Cha kutafuta ni kinachobaki. Na angalia tarehe: chanjo ya wiki ya sita inaangukia palepale arobaini inapoisha. Bibi aliyekuwa anamkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji amefunga mzigo wake, ameondoka. Mama amebaki na usiku. Siku hiyo hana miadi na daktari. Anayemwona ni muuguzi, na atamwona tena wiki ya 10 na ya 14.

Foleni naijua, nimesimama mbele yake. Yapo maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona baada ya kujifungua, yaliyochapishwa mwaka 1987, la mwisho likihusu mawazo ya kujidhuru. Yakiwepo kituoni yatumike. Yasipokuwepo, anza na moja: "Mtoto akilala, na wewe unalala?" Aliyechoka tu atasema analala kama gogo. Mwenye sonona mara nyingi atakwambia macho makavu mpaka alfajiri. Lakini usimuulize mbele ya mama mkwe.

Wiki ya 10 mtoto yule aliletwa na bibi yake. "Mama yake kalala tu, siku hizi mvivu." Nikaomba aje mwenyewe. Alikuja kesho yake, nikafunga mlango, nikamuuliza kuhusu usingizi. Alitazama mlango kwanza.

"Sista, mtoto akilia namsikia kama analia nyumba ya pili."

Nikamuuliza na lile la kujidhuru, kwa maneno ya wazi, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Alikaa kimya muda mrefu kabla ya kutikisa kichwa kukataa. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo, nikampigia mumewe simu kwa ruhusa yake, na kwenye tarehe ya kurudi nikaandika wiki moja badala ya mwezi.