Pikapu ya zamani inaanzia chini, sio kwa sprei

Nitasema vile naona na wenye kukasirika wakasirike: kama umejipatia pikapu ya zamani imeoza na pesa zako ni za kuhesabu, peleka zote kwa chasisi, ile mifupa ya chuma ya chini inayobeba gari yote, rangi itangoja. Hapa Nairobi tunafanya kinyume. Mtu ananunua Landi, yaani Land Rover, Series III ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, anaipeleka moja kwa moja kwa fundi wa sprei, inatoka kijani inang'aa mpaka watoto wa ploti wanajiangalia kwa mlango, anaposti picha tunamjazia makopakopa, na huko chini kuna chuma unaweza kutoboa na bisibisi.

Na Landi inadanganya kuliko gari zingine zote. Bodi yake ni alumini. Hiyo ilianza 1948 huko Uingereza, vita ilikuwa imeisha juzi juzi, chuma ilikuwa ya mgao, so wakatumia aloi ya alumini na baadaye wakaona ni kitu nzuri wakaendelea nayo. Alumini haishiki ile kutu nyekundu, ndio maana unakuta gari ya 1975 bodi imepondwa pondwa lakini bado inaonekana iko fiti. Lakini chasisi ni chuma, sahani zimechomelewa pamoja zikawa boksi refu, na ule ukuta wa mbele kati ya injini na miguu ya dereva pia ni chuma. Pale alumini na chuma zinagusana na kuna unyevu, alumini yenyewe inaanza kugeuka unga mweupe. Ukiona rangi imefura kama ngozi iliyoungua, usibandue, we jua tu chini yake ndio huo unga.

Kutu ya chasisi inaanzia ndani ya boksi, hapo ndio watu wengi hawaelewi. Matope yanaingia kwa vitobo, yanakaa, mvua ya Aprili inayaloweka, na nje bado unaona rangi nyeusi safi. Barabara zetu hazimwagwi chumvi vile Wazungu wanafanya wakati wa baridi, kwa hivyo gari iliyozeeka Nanyuki au Nakuru mara nyingi iko sawa kuliko unavyofikiria. Muulize tu mwenyewe ilikuwa inafanya kazi wapi. Akisema Kilifi, huko kwa chumvi ya bahari, au kwenye magadi huko Magadi, lala chini na nyundo ndogo kabla hujatoa hata bei. Gonga polepole kutoka mbele ukienda nyuma. Chuma nzima inalia kong, kong, halafu unafika karibu na hanga ya springi ya nyuma, pale springi inashikwa kwa chasisi, au ile mihimili ya pembeni inayobeba bodi, na sauti inakuwa pof, na kitu kama majani ya chai kinakumwagikia machoni. Vaa miwani bwana.

Sasa hapo ndio fundi anakuambia, "Boss, hapa tunapiga kiraka tu, utasahau." Mimi sina ubaya na mafundi, wale wa Grogan na Kariobangi Light Industries wanaweza kuchomelea kitu ambacho hata huwezi kukishika, nimeona kwa macho. Shida sio mkono wa fundi, shida ni chuma chenyewe. Unachomelea sahani mpya kwa chuma imebaki nyembamba kama bahasha, moto unakula ile ya pembeni, kiraka kinakuwa na nguvu kuliko kilichokishika, na mwaka ujao ufa unatokea hapo hapo kando yake, kisha kiraka juu ya kiraka. Kwa gari ya kazi huko Maralal, ambako hizi Landi kuukuu bado zinabeba watu na mizigo kila siku, sawa, mtu anataka tu ifike. Lakini wewe unasema unaifufua ikae miaka, sasa utaifufuaje ikiwa uti wa mgongo ndio mbovu?

Chasisi mpya basi. Unaweza kuagiza Uingereza, kuna watu kule wanazitengeneza mpya kabisa zikiwa zimechovywa zinki zisishike kutu, na ukishalipa meli na ushuru utakaa kimya siku kadhaa. Unaweza kutafuta ya gari iliyokufa. Au utengenezewe hapa, na mimi ndio naipendelea hii, lakini kwa sharti: fundi awe na fremu ya kuishikilia ikiwa inachomelewa, sio vipande vimepangwa kwa mawe. Pima mshazari, kutoka bolti ya springi ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, halafu kinyume. Vipimo visipolingana usichukue, hata akiapa kwa jina la mamake, kwa sababu hiyo gari itatembea upande upande kama kaa na itakula tairi mpaka uchoke.

Na ukiamua kuichovya zinki ujue ile zinki imeyeyushwa, iko na moto wa kama digrii 450. Boksi lililofungwa kabisa likiingizwa humo na hewa au maji ndani linaweza kulipuka, kwa hivyo lazima kuwe na matundu ya kupumulia na ya kumwagika, na yatobolewe kabla, sio ukiwa umeshafika kwa geti ya kiwanda.

Kuvua bodi si kazi ngumu sana, karibu kila kitu kimefungwa kwa nati na bolti, nyingi zitakatika na nyingine utazikata na grainda. Kazi yenyewe ni bushi za springi, zile raba zenye shati ya chuma zinazokaa pale springi inafungwa na bolti. Ile shati ya chuma ya bushi imegandana na chasisi miaka arobaini na kitu, haitoki kwa nyundo, haitoki kwa maneno. Unachoma raba kwanza, moshi mweusi, majirani wanapiga kelele, halafu unaipasua na msumeno polepole ndio iachie. Kwa chasisi mpya paka grisi kabla ya kuingiza, yule atakayeifungua baada yako atakuombea.

Kuna wale wanasema chukua chasisi ya Hilux uweke bodi ya Landi juu. Injini ya Toyota sawa, wengi wameweka na zinatembea, sina neno. Chasisi ya Hilux hapana. Hakuna shimo hata moja linalolingana, utakata huku uongeze kule, na mwisho una gari ambayo hakuna fundi anaijua.

Halafu karatasi. Namba ya chasisi kwa Series III imepigwa pale mbele kulia, karibu na hanga ya springi, na ndio iko kwa logbuku, ile hati ya umiliki wa gari. Usikubali mtu akupigie namba ya zamani kwa chuma mpya gizani, hiyo ni kesi, hata kama gari ni ya babako. Anza na NTSA, ile mamlaka ya serikali ya usafiri, gari ikaguliwe, wakuambie namba inabadilishwa vipi. Ile chasisi nzee ikikatwa watu wa skrap watakuja haraka sana na mizani yao, wauzie yote, lakini kipande chenye namba kiache nyumbani mpaka logbuku mpya iko mkononi.